Mazoezi Usiache, Kichwa Usikipuuze

Wadogo zangu, barua zenu za safari hii zimenigusa, maana nyingi zinalia kilio kimoja. Mmoja anakimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwao kila Jumapili, na akirudi nyumbani kichwa kinamgonga mpaka jioni. Mwingine amejiunga na jimu, na kila anaponyanyua vyuma vizito kichwa kinadunda pande zote mbili, sambamba na mapigo ya moyo. Na karibu nyote mmemalizia kwa swali lile lile: Dada, ninywe dawa gani kabla sijaanza ili kichwa kisiniume?

Usinywe. Nalitanguliza hili kwa sababu najua wengi wenu mnapita duka la dawa mkiwa mmeshavaa raba, mnanunua vidonge viwili vya maumivu, mnavishushia na funda la maji na kuondoka. Diklofenaki na ibuprofeni zikikuta tumbo tupu zinalichubua, na zikikuta mwili uliokauka kwa jasho zinazitwisha figo mzigo. Tena, mtu anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi katika mwezi, miezi mfululizo, hufika mahali dawa zenyewe ndizo zinazomuumiza kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vilivyotiwa kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kukufikisha huko. Kumeza kabla ya mazoezi ni kujitia pamba masikioni, wakati kichwa kina jambo kinakuambia.

Ili ulijue jambo hilo, anza kwa kujiuliza: kinaanza lini? Katikati ya zoezi, mara tu unapomaliza, au baada ya saa kadhaa ukiwa umeshaoga na kukaa? Chukua daftari, au simu yako, uandike kwa wiki tatu hivi. Andika saa ulipoanza, zoezi gani, ulilala vipi, ulikula nini, ulikunywa maji kiasi gani, na maumivu yalianzia wapi. Ukienda kwa daktari na karatasi hiyo mkononi utamrahisishia kazi kuliko ukienda na neno moja tu la "kichwa kinauma".

Tuanze na kile kinachoanza katikati ya zoezi zito au mara tu unapomaliza. Iko aina ya maumivu ya kichwa inayoletwa na mazoezi yenyewe, bila ugonjwa mwingine nyuma yake. Huwa yanadunda, mara nyingi pande zote mbili, na hudumu kuanzia dakika chache mpaka saa nyingi, ila hayavuki saa 48. Wakimbiaji wanayajua, waogeleaji wanayajua, wanyanyua vyuma ndio usiseme. Joto kali huyachochea, na mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari vilevile. Kwa hiyo wewe wa Dar es Salaam unayekimbia saa tatu asubuhi mwezi wa Februari, jua limeshachachamaa na hewa ina unyevu mpaka jasho halikauki mwilini, unajiweka pabaya kwa kuchagua saa mbaya. Kimbia saa kumi na mbili alfajiri, au jioni jua likishalegea.

Sasa nendeni jimu yoyote saa kumi na moja jioni mkamtazame mtu anayechuchumaa na chuma mabegani. Kabla ya kushuka anavuta hewa na kufunga mdomo. Akifika chini mashavu yamevimba, mishipa ya shingo imetuna, macho yamemtoka, na hewa yote bado ameifungia kifuani. Anapanda vivyo hivyo mpaka juu, ndipo anaiachia kwa kishindo. Anarudia mara nane, kumi, anashusha chuma na kushika kichwa kwa mikono miwili. Anachofanya ni kujikakamua, kama tunavyofanya wakati wa kusukuma mtoto leba. Hewa ikifungwa kifuani, shinikizo la kifua linapanda, na damu inayotakiwa kushuka kutoka kichwani kwa njia ya mishipa ya shingo inazuiliwa. Moyo nao hausubiri, unaendelea kuipeleka damu juu. Shinikizo la ndani ya fuvu linapanda, na kichwa kinadunda.

Tiba yake hainunuliwi. Vuta hewa unaposhusha uzito, itoe unapousukuma. Kama unasahau, hesabu kwa sauti kila unaponyanyua: moja, mbili, tatu. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Usione haya na wenzako wa jimu, na kocha anayekucheka kwa kuhesabu mwache, utafute mwingine. Na ukiona uzito huwezi kuunyanyua bila kubana pumzi, huo si wa kwako kwa leo, punguza. Ujuzi huu uwe nao hata nyumbani. Ndoo ya lita ishirini inayotoka chini kwenda kichwani inawabana pumzi dada wengi kuliko chuma cha jimu.

Jambo la pili kwa hawa wa katikati ya zoezi ni haraka ya kuanza. Unashuka kwenye bodaboda, unavua koti, dakika ya pili uko mbioni kwa nguvu zote. Moyo, mishipa na misuli vinataka dakika kumi mpaka kumi na tano za kupasha mwili: tembea, tembea kwa haraka, kisha kimbia taratibu, zungusha mabega, legeza shingo. Na ukimaliza usisimame ghafla ukajibwaga chini, teremsha mwendo kidogo kidogo. Hapa nawasifu wenye klabu za jogingi wanaoanza na mchakamchaka wa polepole na nyimbo. Wimbo ule ni kipimo kizuri kabisa. Ukiweza kuitikia bila kuhema, mwendo unakufaa. Ukishindwa kuitikia, umeuzidi uwezo wako wa siku hiyo, rudi nyuma ya msafara na wala hakuna aliyeshindwa. Na kama umekaa miezi bila mazoezi, usirudi kwa kilomita zile zile ulizoziacha.

Nina neno pia kuhusu poda na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kaunta ya jimu. Vingi vimejaa kafeini, na baadhi vina vitu vya kutanua mishipa ya damu. Moyo unakwenda mbio kabla hata hujagusa chuma. Kama kichwa kilianza kuuma wiki ile ile uliyoanza kutumia poda, una haja gani ya kutafuta mchawi mwingine? Iache kwanza, uone.

Kuna mmoja ameniandikia kwa kuzunguka sana, nami namjibu waziwazi kwa sababu hayuko peke yake. Kichwa kinamuuma kwenye tendo la ndoa, hasa likikaribia kilele. Mdogo wangu, hujarogwa na wala si ishara kwamba humpendi mumeo. Maumivu hayo yapo kwenye vitabu vya madaktari, ni ndugu wa karibu wa yale ya mazoezi, na watu wengi wanayapata yote mawili. Lakini nenda hospitali ukayaeleze, hasa kama yamekuja kwa mara ya kwanza na kwa kishindo. Daktari hatakushangaa.

Sasa tuje kwa wale ambao kichwa kinaanza baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani. Hapa mshukiwa wa kwanza ni maji. Tazama mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umekauka. Kunywa glasi moja au mbili saa mbili hivi kabla ya kuanza, beba chupa yako, unywe kila kiu inapokuja, na uendelee kunywa ukirudi. Jasho la hapa pwani linaondoka na chumvi nyingi, kwa hiyo ukikimbia zaidi ya saa moja kwenye joto, kula kitu chenye chumvi kidogo baadaye, supu kwa mfano, au kunywa maji ya dawa ya chumvichumvi, ile tunayowapa watoto wakiharisha. Dafu nalo lina sifa yake, linywe.

Lakini msinielewe vibaya mkaanza kushindana kunywa. Maji ya kupita kiasi nayo yanaumiza kichwa, na yanaweza kuua. Yakizidi, chumvi iliyomo kwenye damu inazimuliwa, ubongo unaanza kuvimba, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Baada ya mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 kati yao chumvi imeshuka kuliko inavyotakiwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliotumia zaidi ya saa nne barabarani na kunywa mpaka wakaongezeka uzito. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda taratibu na kusimama kila meza ya maji, fuateni kiu yenu. Aliyemaliza mbio tumbo limejaa maji, anatapika na kuzungumza vitu visivyoeleweka, asiongezewe chupa nyingine, apelekwe hospitali.

Mshukiwa wa pili ni tumbo tupu. Dada anayelala bila chakula cha usiku ili apungue, akaamka na kukimbia kilomita nane, sukari ya damu inashuka na kichwa kinalalamika. Ndizi moja mbivu, au kikombe cha uji, saa moja kabla ya kutoka, haitakunenepesha. Na kama kila asubuhi unakunywa kahawa au chai ya rangi iliyokolea, kisha siku ya mazoezi unaruka, kichwa kinaweza kuwa kinadai kafeini yake.

Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani barua hizi huongezeka. Aliyefunga hana maji, hana chakula wala chai, kisha saa tisa alasiri anakwenda kucheza mpira juani. Ukiwa umefunga, fanya mazoezi mepesi karibu na magharibi ili futari ikukute umemaliza, au ngoja baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Daku usiiruke. Na kahawa ipunguze kidogo kidogo kuanzia mwezi wa Shaabani, kichwa kizoee mapema.

Yapo pia maumivu yanayotoka nje ya kichwa, na haya yanatuhusu sana sisi wanawake. Jumamosi umekaa saluni, msusi amevuta twende kilioni mpaka nyusi zimepanda na vipele vidogo vimejitokeza kwenye mstari wa paji la uso. Jumapili alfajiri unazikusanya zote juu, unazifunga kwa kamba ya mpira na kwenda kuruka kamba, fundo lile zito likiruka pamoja nawe. Ngozi ya kichwa ikivutwa namna hiyo inauma, na maumivu yanasambaa mpaka kwenye fuvu. Fungua nywele, ziachie. Kama chanzo ni mvuto, ndani ya saa moja utapata nafuu. Mwambie msusi wako alegeze mizizi, unamlipa, una haki ya kusema. Siku za mazoezi funga nywele chini kisogoni, kwa ulegevu. Miwani ya kuogelea iliyobana na kofia ya kukaza vinafanya vivyo hivyo kwenye paji la uso.

Na shingo. Ukifanya zoezi la tumbo la kulala na kuinuka, mikono yako iko wapi? Wengi wameifumbata nyuma ya kisogo na wanakivuta kichwa kwa nguvu kila wanapoinuka. Kesho yake maumivu yanapanda kutoka shingoni mpaka kwenye jicho. Weka vidole kando ya masikio tu, kidevu kisigande kifuani, tumbo ndilo lifanye kazi. Ukishikilia mwili kwa viwiko, tazama sakafu, usitazame kioo kilicho mbele yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitanii. Maumivu ya kichwa yanayokuja na mazoezi kwa mara ya kwanza katika maisha yako yanataka daktari, hata kama yamepoa. Dalili zinazofanana na haya ya kawaida zinaweza kuwa za mshipa uliovuja damu kwenye ubongo, au mshipa wa shingo uliochanika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, kama maumivu yalilipuka ghafla na kufika ukali wake wote ndani ya dakika moja. Nenda kama shingo imekakamaa, unatapika, unaona vitu viwili viwili, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawasawa, umezimia au umepata degedege. Nenda kama uligongwa kichwa, iwe kwenye ndondi au kwenye mpira. Aliyevuka miaka 40 na hajawahi kuumwa hivi, aende. Aliyevuka miaka 50, ambaye kichwa kinauma akipanda ngazi na kutulia akipumzika, aseme pia habari za kifua chake, kwa kuwa moyo wenye shida huweza kujitokeza kichwani. Mjamzito aliyepita wiki 20 asiseme ni mazoezi mpaka presha na mkojo wake vipimwe, maana kifafa cha mimba hutanguliwa na maumivu ya namna hiyo.

Presha, kwa kweli, kila mmoja wenu aipime, mwenye kuumwa na asiyeumwa. Watu wengi wenye presha ya 140 kwa 90 na zaidi hawasikii chochote. Kipimo chake ni dakika chache zahanati. Na kama kichwa kinakuja na homa au baridi, usikimbie kuitoa kwa jasho, kapime malaria kwanza. Wenye hedhi nzito wanaochoka na moyo kuwapiga wakipanda kilima kidogo tu, waombe kupimwa wingi wa damu.

Ukishapimwa na kuambiwa huna ugonjwa mwingine, na ukarekebisha pumzi, maji na mwendo lakini kichwa bado kinakusumbua, daktari ana njia. Iko dawa iitwayo indometasini inayowasaidia wengi wenye maumivu haya, na wapo wanaopewa dawa za kundi la presha. Hizo haziokotwi dukani kwa ushauri wangu wala wa jirani, kwa sababu zina masharti, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo na pumu.

Mmoja wenu ameambiwa na shangazi yake aachane na mazoezi kabisa kwa sababu ana kipandauso, kile cha upande mmoja, kinacholeta kichefuchefu na kukufanya uikimbie taa. Namheshimu shangazi, na ni kweli zoezi la ghafla linaweza kukiamsha. Lakini mazoezi ya kiasi, yaliyozoeleka, hukipunguza. Mwaka 2011 watafiti wa Gothenburg, nchini Uswidi, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 91 wenye kipandauso. Kundi moja lilifanya mazoezi dakika 40, mara tatu kwa wiki, la pili lilijifunza kutuliza mwili, la tatu lilipewa dawa ya kuzuia. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana, na waliofanya mazoezi hawakupata madhara yaliyowapata baadhi ya waliomeza dawa. Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na baiskeli au matembezi ya haraka, siku tatu kwa wiki, ukiongeza taratibu. Siku ambayo kipandauso kimeshaanza, pumzika.

Nimalizie na wewe wa Morogoro unayekwenda kupanda Kilimanjaro na wafanyakazi wenzako mwezi wa Desemba, kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Unasema unakimbia kila siku, hivyo huna wasiwasi na kichwa. Kule habari ni nyingine. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa nyepesi inaweza kumuumiza kichwa mtu yeyote, na mwenye pumzi za kukimbia haachwi. Tena vijana wenye mbio ndio hupanda haraka na kuumia zaidi. Njia ya Marangu inakulaza Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, karibu mita 1,000 juu zaidi. Hizo ni hatua kubwa, kwa hiyo pambana mpate siku ya ziada ya kukaa Horombo hata kama ofisi inalalamikia gharama. Mwone daktari kabla ya safari akuambie kama asetazolamaidi inakufaa, na umweleze kama una mzio wa dawa za salfa. Mkiwa njiani, kichwa kikiuma usipande zaidi mpaka kitulie. Kikizidi, au ukianza kuyumba unapotembea, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi ukiwa umekaa, teremka, hata kama ni usiku na hata kama kilele unakiona. Mwambie kiongozi wa msafara ukweli mara tu kinapoanza, na usimeze kidonge kwa siri ili usibaki nyuma ya wenzako.